Akishakwambia, Wewe Unafanya Nini?

Leo somo linaanzia mbali, huko Marekani, kwenye kipindi cha televisheni cha mashindano. Usidhani umepotea njia. Tutazunguka kidogo, halafu tutarudi hadi bwenini kwako. Swali la leo ni moja tu: mwenzako akikwambia kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, yaani VVU, wewe unafanya nini dakika ile? Na kesho yake je?

KIPINDI CHENYEWE

Kipindi kinaitwa RuPaul's Drag Race. Kilianza kuonyeshwa Februari 2009. Mwenye kipindi ni RuPaul, mwimbaji aliyezaliwa San Diego mwaka 1960. Washindani ni wasanii wa dragi. Dragi ni sanaa ya jukwaani. Msanii, mara nyingi mwanamume, huvaa mavazi ya kike, viatu vya visigino virefu na vipodozi vya kutosha, akajipa jina jingine, kisha akacheza, akaimba au akachekesha watu. Onyesho likiisha ananawa uso na kwenda zake nyumbani. Wengi wa washindani wa kipindi hiki ni wanaume wapendao wanaume, na hawalifichi jambo hilo.

Kila wiki washindani hupewa kazi: kushona gauni, kuigiza, kutengeneza tangazo. Majaji hukaa na kutoa alama. Wawili waliofanya vibaya husimama jukwaani na kufuatisha wimbo kwa midomo. Mmoja hubaki, mwingine hufungasha mizigo. Msimu wa kwanza walikuwa washindani 9 na zawadi ya fedha ilikuwa dola 20,000. Aliyeshinda alikuwa mzaliwa wa Kameruni, jina lake la jukwaani BeBe Zahara Benet.

Mimi nilikiona kipindi hiki nikiwa chuo. Mwenzangu wa chumba alikuwa nacho kwenye laptopu yake. Nilianza kwa kucheka zile nguo. Tulipofika sehemu ya nne nikanyamaza kabisa.

ONGINA

Kati ya wale 9 alikuwepo Ongina, mzaliwa wa Ufilipino. Wenzake walihangaika na mawigi, yeye akapanda jukwaani na kipara chake. Mcheshi, mwepesi, mtu wa furaha. (Ukiniuliza nimwite kaka au dada, nakujibu kwamba Kiswahili chetu hakitupi tabu hiyo. Yeye ni yeye.)

Kazi ya wiki ile ilikuwa kutengeneza tangazo la Viva Glam. Hii ni rangi ya mdomo iliyoanza kuuzwa mwaka 1994 na kampuni ya vipodozi ya MAC. Pesa yote uliyolipia rangi hiyo ilikwenda kwenye mfuko wa kuwasaidia watu wenye VVU. RuPaul mwenyewe ndiye aliyekuwa uso wa kwanza wa tangazo lake. Mfuko huo umekusanya zaidi ya dola milioni 500. Kwa kuuza rangi ya mdomo! Wanaosema urembo ni upuuzi, hapo wafikirie mara mbili.

Ongina alishinda kazi hiyo. Badala ya kurukaruka, akaanza kulia. Ndipo akasema kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiishi na VVU kwa miaka miwili. Akaeleza kwamba hakutaka kulisema jambo hilo kwenye televisheni, kwa sababu wazazi wake walikuwa hawajui.

Hebu tusimame hapo kidogo.

ILIKUWA HATARI KIASI GANI?

Msomaji wa leo anaweza kusema, "Sasa kuna nini? Si kasema tu?" Hapana. Kumbuka mambo mawili.

La kwanza: ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza na wataalamu wa Marekani Juni 1981. Waliokuwa wameugua ni vijana wa kiume 5 wa Los Angeles, wote wapendao wanaume. Watu wakakimbilia kusema ni ugonjwa wa kundi hilo. Uongo huo uliumiza pande mbili. Wale wa kundi hilo walitengwa na kutukanwa hata vitandani walipolala wagonjwa. Na wale wasio wa kundi hilo walijiona salama, wakaambukizana bila habari. Sisi wa Afrika Mashariki tunajua ukweli wake: kwetu maambukizi mengi yametokea kati ya mwanamume na mwanamke, na watoto wengi wameambukizwa na mama wakati wa mimba, kujifungua au kunyonya. Kirusi hakiulizi wewe ni nani wala unampenda nani.

La pili: tangu 1987 Marekani ilikuwa na katazo la kumzuia mgeni mwenye VVU kuingia nchini bila kibali maalumu. Katazo hilo liliondolewa Januari 2010. Yaani wakati Ongina anasimama kusema, serikali ya nchi ile ilikuwa bado inamhesabu mgeni mwenye VVU kama mtu wa kuzuiwa uwanja wa ndege. Katika hali hiyo, kufungua mdomo mbele ya kamera si jambo dogo.

DAKIKA ILE NA WIKI ILIYOFUATA

Sasa tuangalie wasikilizaji, maana somo letu liko kwao.

Dakika ile RuPaul alimtia moyo. Hakumwuliza ulipataje, hakumwuliza nani kakupa. Hilo ni la kwanza la kujifunza. Mtu akikwambia hali yake, swali la "uliipata wapi?" halimsaidii yeye wala wewe. Linamweka kizimbani tu.

Lakini mimi kilichonifundisha zaidi ni wiki iliyofuata. Wiki ile Ongina hakufanya vizuri. Akawekwa miongoni mwa wawili wa mwisho, akashindana na BeBe Zahara Benet kufuatisha wimbo, akashindwa, akaondoka. Wiki moja tu baada ya watu kulia naye!

Mwanzoni niliona ni ukatili. Baadaye nikaelewa. Hakuondolewa kwa sababu ana virusi, na hakubakizwa kwa kuonewa huruma. Alipewa kazi kama wengine na akapimwa kama wengine. Mwenye VVU hahitaji umfanye yai la kushikwa kwa mikono miwili. Anahitaji umwache awe mshindani, mwanafunzi, mchezaji wa mpira, mpinzani wako kwenye mtihani wa hesabu. Akikosa penalti mzomee kama unavyowazomea wengine!

Na usifikiri hadithi iliishia pale. Mwaka 2014, katika msimu wa sita, Trinity K. Bonet naye alisema kwenye kipindi hicho hicho kwamba anaishi na VVU. Mwaka 2020 Ongina alirudi jukwaani katika mashindano ya washiriki wa zamani. Hesabu mwenyewe: miaka 11 baada ya kusema, yupo, ana nguvu zake, anashindana. Enzi zile babu zetu wanazosimulia, jibu la VVU lilikuwa kama tangazo la msiba. Dawa zimebadilisha jambo hilo.

DAWA ZINAFANYAJE KAZI?

Dawa za kufubaza VVU, yaani ARV, haziondoi virusi vyote mwilini. Zinavizuia kuzaliana. Mtu akimeza kila siku kama alivyoelekezwa, virusi vinapungua hadi kipimo cha maabara hakivioni kwenye damu. Kinga ya mwili inapata nafuu na mtu anaendelea na maisha. Zaidi ya hapo, mtu aliyefikia hali hiyo na kudumu nayo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Hii si porojo. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliotolewa 2016 ulifuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU na anatumia dawa vizuri, wakiwemo wanaume na wanawake. Mwingine wa 2019 ulifuatilia wapenzi wa kiume karibu jozi 800. Katika tafiti zote mbili hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake huyo. Kondomu bado ina kazi yake, kwa sababu yapo magonjwa mengine ya zinaa, na mimba pia.

Na kuhusu maisha ya bweni: kikombe, sahani, kitanda, choo, kukumbatiana, kuazimana mafuta ya kujipaka au rangi ya mdomo, hakuna hata kimoja kinacholeta VVU. Kisichofaa kuazimana ni wembe na sindano, kwa sababu ya damu.

Lakini dawa zina adui mmoja mkubwa: siku zinazorukwa. Ukiruka ruka, virusi vinapata nafasi ya kuzaliana, na vinaweza kuizoea dawa hadi isivifae kitu. Na unajua nini kinachowafanya vijana wengi waruke? Ni macho ya wenzao.

SASA TURUDI BWENINI

Kijana mmoja wa kidato cha tatu amenikubalia niandike habari zake bila jina wala shule. Alizaliwa na VVU. Nyumbani alikuwa anameza dawa kila siku saa tatu usiku, mama yake akimkumbusha. Alipokwenda bweni akaziweka kwenye soksi chini ya sanduku. Kuzimeza alikuwa anakwenda chooni. Usiku ambao choo kina watu, anaacha.

Siku moja mwenzake alizikuta. Habari ikazunguka bweni zima kabla ya prepo kwisha. Asubuhi kikombe chake kilikuwa kimewekwa peke yake dirishani. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyempiga. Kikombe tu! Aliniambia, "Dada, bora wangenipiga."

Akaacha dawa wiki tatu. Aliporudi kliniki, kipimo kilionyesha virusi vimepanda.

Aliyemwokoa hakuwa mimi wala daktari. Ni mwanafunzi wa kitanda cha juu. Usiku mmoja alishuka, akakichukua kile kikombe dirishani, akajaza maji, akanywa nusu, nusu akampa. "Oya, saa tatu hii." Hakusema zaidi. Kesho yake tena, "Oya, saa tatu." Baada ya wiki hivi vikombe vyote vilikuwa pamoja. Nilipoonana na kijana huyo mwezi uliopita, alikuwa analalamika kwamba rafiki yake huyo huyo kamshinda kwenye fizikia.

Umeona? Hapakuwa na kamera, majaji wala rangi ya mdomo. Lakini kazi ni ile ile: dakika ile na kesho yake.

UKIAMBIWA NA MWENZAKO

1. Sikiliza hadi amalize. Ukikosa la kusema, sema, "Asante kwa kuniamini."
2. Usiulize aliambukizwa vipi. Akitaka kusema, atasema mwenyewe.
3. Siri ni yake. Usimwambie hata rafiki yako wa damu. Ukilemewa, mwombe ruhusa mwende wote wawili kwa mshauri nasaha.
4. Kesho yake kaa naye palepale mlipokuwa mnakaa.
5. Mwulize, "Nikusaidie nini?" Huenda ni kumkumbusha saa tu.

KAMA NI WEWE UNAYETAKA KUSEMA

Usimwige Ongina kwa kupanda jukwaani! Kumbuka, vipindi vya aina hii hurekodiwa saa nyingi kisha zikachaguliwa dakika chache. Wewe hutahaririwa. Neno likishatoka halirudi. Huna deni la kumwambia kila mtu. Anza na mmoja unayemwamini, mzazi, shangazi, mwalimu au mnasihi wa kliniki. Panga na mnasihi utasema nini na wapi. Ukiwa na mpenzi, zungumza na mnasihi mapema namna ya kumweleza na kumkinga.

Na kama hujui hali yako, nenda kapime. Hapa Tanzania, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kusubiri ridhaa ya mzazi.

MASWALI YA KUJADILI KLABUNI

1. Kwa nini Ongina aliogopa wazazi wake wasikie? Wewe ungeogopa nani asikie, na kwa nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya kumhurumia mtu na kumheshimu? Toeni mifano ya shuleni kwenu.
3. Wanafunzi wa bweni lile hawakutoa tusi hata moja. Je, walimdhuru mwenzao? Elezeni.
4. "UKIMWI ni ugonjwa wa watu fulani." Andikeni hasara mbili za kuamini maneno haya.
5. Igizeni: mmoja anasema, mwingine anasikiliza. Kisha badilishaneni. Nani alipata kazi ngumu zaidi?

Leo usiku, ikifika saa tatu, angalia vikombe vya bwenini kwenu. Kama kimoja kimekaa peke yake, unajua la kufanya. Tuandikie utuambie mlijadili nini. Tukutane toleo lijalo, inshallah.