Ukiwa Timau, Chagua na Ununue Waini ya Ladha Yako kwa Simu

Sikukuu zikikaribia, au kukiwa na ruracio nyumbani, kuna mtu huambiwa, "Wewe leta waini." Anaingia duka la karibu, anaona chupa tatu nne kwenye shelfu, anachukua ile yenye lebo ya kupendeza. Ikifunguliwa, wageni wanaonja, wanakunja uso, na chupa inabaki mezani karibu ikiwa imejaa. Hapo zaidi ya shilingi elfu moja zimeenda hivyo hivyo.

Mara nyingi waini yenyewe haina makosa. Ni vile mnunuzi hajui ulimi wake unataka nini, na dukani hakuna mengi ya kuchagua. Simu yako inaweza kusaidia kwa yote mawili. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Ujue ulimi wako

Kabla hujawasha data, jiulize maswali matatu.

Sukari: Unapenda chai yenye sukari nyingi, kidogo, au bila? Kwenye lebo za waini, "sweet" ni tamu, "semi-sweet" ni ya katikati, na "dry" ni ile isiyo na utamu wa sukari. Wengi hudhani "dry" ni waini yenye pombe nyingi. Sivyo. Kwa viwango vya Ulaya, "dry" kwa kawaida haizidi gramu 4 za sukari kwa lita, na "sweet" huanzia gramu 45. Tofauti ni kubwa sana.

Ukavu: Umewahi kunywa chai ya rangi iliyokaa na majani hadi ikakausha ulimi? Waini nyekundu nyingi zina hali hiyo hiyo. Kama huipendi kwenye chai, huenda hutaipenda kwenye glasi.

Uchachu: Unapenda maji ya ndimu na matunda damu? Waini nyeupe zenye uchachu zitakufaa.

Hatua ya 2: Jifunze majina machache ya zabibu

Ukishajua unachopenda, tafuta kwa jina la zabibu. Matano au sita yatatosha kuanza:

- Moscato: mara nyingi ni tamu, na pombe yake ni kidogo. Inafaa anayeanza.
- Chenin Blanc: nyeupe. Kuna kavu na kuna tamu, kwa hivyo soma lebo vizuri.
- Sauvignon Blanc: nyeupe, ina uchachu. Inaenda vizuri na samaki na kuku.
- Merlot: nyekundu iliyo laini kiasi.
- Shiraz na Cabernet Sauvignon: nyekundu nzito, zinazoweza kusimama na nyama choma.
- Pinotage: nyekundu ya Afrika Kusini, zabibu iliyotengenezwa Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya aina mbili.

Usisahau za kwetu pia. Kenya kuna Leleshwa kutoka Naivasha, na majirani zetu Tanzania wanalima zabibu za waini kule Dodoma.

Hatua ya 3: Tumia programu ya kusoma lebo

Vivino, iliyoanzishwa Denmark mwaka 2010, ni programu ya bure. Unapiga picha lebo, inakuonyesha jina la waini, maoni ya walioinywa, na alama kati ya 1 na 5. Ila kuwa makini na mambo mawili. Kwanza, alama ni ya ulimi wa watu wengine. Anayependa waini kavu anaweza kuipa alama ya chini ile tamu unayoipenda wewe. Soma maneno waliyoandika, usiangalie nyota peke yake. Pili, bei unayoona inaweza kuwa ya nchi nyingine. Bei ya Kenya itafute kwa maduka ya Kenya.

Kila ukionja, weka alama yako mwenyewe. Baada ya chupa tano sita, utaanza kuona unarudia aina gani.

Hatua ya 4: Piga hesabu yote, si ya chupa pekee

Linganisha maduka matatu ya mtandaoni, kisha uliza kama wanafikisha Timau, au mzigo unaishia Nanyuki au Meru mjini. Tuseme chupa ni shilingi 1,200 na usafiri ni 300. Chupa moja imekugharimu 1,500. Mkiagiza watatu kwa mzigo mmoja wa 300, kila mtu analipa 1,300. Hapo chama kina faida.

Hatua ya 5: Lipa kwa usalama

- Lipa kwa Till au Paybill ya biashara. Ukiambiwa "tuma kwa hii namba yangu", simama kwanza uulize kwa nini.
- Kwa Lipa na M-PESA, Till ya Buy Goods haikati mteja ada. Paybill inaweza kukata.
- Soma jina la biashara na kiasi kabla ya kuweka PIN. Jina lisipofanana na la duka, kata.
- PIN huwekwa kwenye simu yako pekee. Usiiandike kwenye tovuti wala kumtajia mtu anayepiga simu.
- Duka likiwa geni kwako, uliza kama unaweza kulipa mzigo ukifika.
- Ukikosea kwenye M-PESA, tuma ujumbe wa muamala huo kwa 456 haraka iwezekanavyo.

Hatua ya 6: Kagua chupa kabla mpelekaji hajaondoka

Pombe feki si hadithi. Februari 2024, watu walifariki kijijini Kangai, Kirinyaga, kwa pombe haramu. Kwa hivyo hakikisha kifuniko hakijafunguliwa na stempu ya ushuru ya KRA iko. Stempu hiyo unaweza kuiskani kwa programu ya Soma Label ya KRA. Habari zisipolingana na chupa, usipokee. Ikiwa hata bei ilikuwa ya chini ajabu, hiyo nayo ni dalili.

Na sheria je?

Sheria ya Udhibiti wa Vinywaji vya Pombe ya 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, kwa hivyo weka kitambulisho karibu mzigo ukija. Julai 2025 serikali ilizindua sera inayopendekeza umri uwe miaka 21 na uuzaji wa pombe mtandaoni upigwe marufuku. Sera peke yake si sheria, lakini kabla ya kuagiza, hakikisha duka lina leseni na sheria bado inaruhusu. Ukikuta hairuhusu, hatua ya 1 hadi ya 3 bado ni zako: ingia duka lenye leseni, skani lebo, uchague ukijua.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano hivi. Kunywa kwa kiasi, na ukinywa usiendeshe gari wala pikipiki.