DAMU INAPOBADILIKA: HEDHI, ISTIHADHA NA SHAKA YA MIMBA



Ndugu Waislamu, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo: somo letu la Ijumaa hii ni jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, na kwa haya hiyo swala hupotea, ndoa huvunjika, na wengine hufariki. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa sababu haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Nawe baba, usiseme somo hili ni la wanawake tu. Lipeleke nyumbani, mlisome pamoja.

1. ALIYEULIZA KABLA YETU

Fatima binti Abi Hubaysh (r.a.) alikuwa akitokwa na damu isiyokatika. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama aache kuswali. Mtume hakumfukuza wala hakumwaibisha. Alimfahamisha kwamba hiyo ni damu ya mshipa, si hedhi. Aache swala kwa kadiri ya siku alizozizoea, kisha aoge na aswali. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Tazama vizuri: jibu lote limejengwa juu ya hesabu ya siku. Asiyejua siku zake atajibiwaje?

2. JUA SIKU ZAKO

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, uchache wa hedhi ni mchana mmoja na usiku wake, kawaida yake ni siku 6 au 7, na wingi wake ni siku 15. Tohara kati ya hedhi mbili haipungui siku 15. Damu ikivuka siku 15, istihadha imeingia ndani yake. Hapo mwanamke asiyeweza kuzitofautisha damu zake kwa rangi na nguvu hurudi kwenye siku alizozizoea. Baada ya kuoga, kila wakati wa faradhi unapoingia hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha na kuswali. Funga yake ni sahihi na mumewe hakatazwi kwake.

Waganga nao huanza kwa hesabu. Kwa mwanamke mtu mzima, kutoka siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata huwa kati ya siku 21 na 35. Basi dada, andika tarehe kila mwezi, hata nyuma ya daftari la mtoto. Tarehe hizo utaulizwa na shehe, na utaulizwa na muuguzi.

3. DAMU ISIPOKUJA

Usiseme upesi, "Ni mimba." Damu huchelewa au hukatika kwa kunyonyesha, kwa sindano ya kupanga uzazi, kwa maradhi, kwa njaa na kukonda, kwa hofu na huzuni, na kwa umri unapokaribia ukomo. Msichana aliyevunja ungo karibuni siku zake huyumba. Tangu 2016, mapigano kati ya Watwa na Wabantu katika jimbo letu la Tanganyika yaliwatoa watu wengi vijijini mwao, na wengi wao wakakimbilia pembezoni mwa Kalemie. Mwili uliopita katika njaa na hofu ya namna hiyo unaweza kusimamisha damu bila mimba yoyote.

Wala usiseme upesi, "Nimeona damu, basi sina mimba." Wako wanaotokwa na damu kidogo na mimba ipo. Na mama anayenyonyesha anaweza kushika mimba kabla hajaona damu hata mara moja.

Dawa ya shaka ni kupima. Kipimo cha mkojo hutumika tangu siku damu ilipotarajiwa. Ukipima mapema mno kinaweza kukosea. Rudia baada ya wiki moja. Usinywe mizizi wala vidonge vya "kuishusha damu" na hali hujui ndani mna nini.

4. USINGOJE KESHO

Nenda hospitali mara moja ukiona haya: damu kutoka na hali una mimba au unaishuku, maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, pamoja na kizunguzungu au kuzirai, kwani huenda mimba imetunga nje ya mji, damu inayolowesha kitambaa kila saa. Aliyekwisha kukoma akiona damu tena, hata kidogo, naye akapimwe bila kukawia.

Wanavyuoni wamehitilafiana: kwa Imamu Shafii damu ya mwenye mimba yaweza kuwa hedhi, kwa Hanafi na Hanbali ni istihadha. Hitilafu hiyo ni ya hukumu za tohara. Katika kumwahisha mgonjwa hakuna hitilafu. Mume asimzuie mkewe.

5. EDA NA ULIMI

Qur'ani (2:228) imemkataza aliyetalikiwa kuficha kilichomo tumboni mwake, na (65:4) eda ya mwenye mimba huisha kwa kujifungua. Basi aliyetalikiwa ambaye damu yake imebadilika apime kabla ya kuposwa, asije akaolewa na mtoto wa mume wa kwanza tumboni. Na ambaye damu imesimama kwa kunyonyesha asijihesabie miezi mitatu mwenyewe, amuulize shehe.

Na wewe mume, mama mkwe, jirani: damu iliyochelewa si ushahidi wa zinaa. Imepokewa kwamba zama za Makhalifa mwanamke alijifungua miezi sita baada ya ndoa, watu wakataka aadhibiwe. Sayyidna Ali (r.a.) aliwazuia kwa hesabu ya Qur'ani: mimba na kunyonya ni miezi 30 (46:15), kunyonya ni miaka miwili (2:233), ikabaki miezi sita. Hesabu ilimwokoa mtu na mauti. Anayemsingizia mwanamke bila mashahidi wanne, adhabu yake imetajwa katika Suratun Nur.

Binti akikuambia, "Mama, siku zangu zimebadilika," msikilize kwanza, mhesabieni siku, mpelekeni akapimwe. Ukimpigia kelele, mara ya pili hatakuambia.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na azihifadhi ndimi zetu. Amin. Wallahu aalam.

Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe ovyo, ukimaliza mpe mwenzio.