Apande Basi Peke Yake, Ila Asishuke Makambako

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mlangali, wilaya ya Ludewa. Binti yangu wa kwanza ana miaka 13, na Januari anaingia kidato cha pili katika shule ya bweni iliyo nje kidogo ya Mafinga. Mwaka huu wote baba yake ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha. Sasa baba yake amepata kazi ya kupasua mbao mbali na hapa, hatarudi kabla ya Februari, na mimi nina kichanga cha wiki tatu.

Shemeji yangu anasema binti amekua, apande gari hadi Njombe, aunganishe hadi Makambako, pale atafute la Mafinga. Anasema yeye kwa umri huo alikuwa anatembea kutwa nzima kwenda shule na hakuna aliyemsindikiza. Mama mkwe amekataa katakata, anatukumbusha watoto waliouawa Njombe. Binti mwenyewe anasema ataweza. Mimi nikimsikiliza shemeji naona ana haki, nikimsikiliza mama naona ana haki. Shule zinakaribia kufunguliwa na usingizi sipati. Nifanyeje?

Mama mwenye wasiwasi, Mlangali

*

Mwanangu, hongera kwa kujifungua salama. Pole pia, maana kulea kichanga huku unawaza safari ya mwingine si jambo dogo.

Nianze na jibu, sababu zifuate. Kukaa ndani ya basi peke yake, binti yako anaweza. Kubadili basi Makambako peke yake, mwezi Januari, akiwa na tranka na ndoo, hapana, bado. Naona hapo nyumbani mnavutana kwa sababu mnalitazama jambo hili kama swali moja. Shemeji akisema ataweza, anaona mtoto aliyekaa kwenye kiti chake. Mama mkwe akikataa, anaona mtoto aliyesimama katikati ya stendi hajui pa kwenda. Wote wawili wanaona sawasawa, ila kila mmoja anatazama sehemu yake ya safari.

Ndani ya basi mtoto ana kiti chenye namba, ana jirani, ana konda aliyemwona akipanda, na watu wote wanaelekea njia moja. Ajali zipo, na ajali haichagui umri. Hata ungekaa naye kiti kimoja usingeizuia. Kazi inaanza akishuka.

Makambako unaijua. Hapo ndipo barabara ya kutoka Songea na Njombe inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, ile inayoendelea hadi Tunduma. Malori ya Zambia yanapita hapo, na reli ya TAZARA nayo inapita hapo. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, kunakucha na kunakuchwa watu wakishuka na kupanda. Siusemi vibaya mji huo, una watu wema wengi. Lakini karibu kila unayemkuta stendi ni mpita njia, na mpita njia hajui mtoto huyu ni wa nani.

Hapo ndipo hoja ya shemeji yako inapopungukiwa. Kutembea kutwa nzima kwenda shule ni kweli walitembea, na ninawaheshimu kwa hilo. Ila katika njia ile kila nyumba ilijua huyu ni mtoto wa fulani. Akichelewa, jioni habari inafika. Akikaribishwa maji, anayemkaribisha anajulikana hadi ukoo wake. Mtoto alionekana yuko peke yake, kumbe Upangwa nzima, nchi yenu, ilikuwa inamtazama. Makambako hakuna macho hayo, na ujasiri wa mtoto hauwezi kuziba pengo la macho ya watu wazima.

Mama mkwe naye msimwite mwoga. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa Njombe kwa imani za kishirikina, na wazazi wa mkoa huo hawajasahau. Wala hawapaswi kusahau. Ila katika safari hii ninayemwogopa zaidi mimi ni mtu mwingine, anayekuja akicheka. Kwa miaka mingi wasichana kutoka mikoa ya Iringa na Njombe wamekuwa wakichukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam na miji mingine. Wapo wanaokwenda kwa hiari yao na wazazi wakijua. Wapo pia wanaorubuniwa njiani na madalali, na nchi imekuwa na sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008. Dalali hana sura ya kutisha. Mara nyingi ni mama wa makamo, anazungumza lugha ya kwenu, ana chapati kwenye mfuko, anasema, "Mwanangu, mbona umesimama juani, njoo ukae hapa." Mtoto uliyemfundisha kuogopa wanaume wakali hatamwogopa huyo.

Kwa hiyo umfundishe kanuni moja tu, aishike kama jina lake: msaada unauchagua wewe, humkubalii anayekuja kukuchagua. Akikwama, aende kwa mtu aliyekaa mahali pake pa kazi, asiyehama: karani wa ofisi ya tiketi, wakala wa pesa mwenye kibanda, mama ntilie aliyeko jikoni, askari. Aseme, "Naomba unipigie mama yangu simu," atoe namba. Anayemfuata yeye, hata akiwa na Biblia mkononi, aambiwe asante, nimeshapata.

Na hapa nitaje kitu ambacho wazazi wengi tunakifanya bila kufikiri. Tranka la mwanafunzi tunaliandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: jina, shule, kidato. Mtu akisimama hatua kumi anasoma kila kitu, kisha anamwita mtoto kwa jina na kumwambia ametumwa na mwalimu wake kuja kumpokea. Mtoto wa miaka 13 akiitwa kwa jina lake na kutajiwa shule yake, anaamini. Andikeni ndani ya kifuniko. Kama limeshaandikwa nje, lifunikeni kwa kiroba. Halafu kubalianeni neno moja la siri la nyumbani, jina la mbuzi au la shamba lenu, ambalo yeyote anayedai ametumwa na wewe lazima alitaje.

Mizigo yenyewe nayo ipunguzeni. Godoro na ndoo, kama shule inaruhusu kuvihifadhi, aviache huko huko kila likizo. Mpiga debe akitaka abiria hamvuti abiria, ananyakua mzigo, na mwenye mzigo anamfuata hadi kwenye basi asilolijua. Mtu mzima atafoka, mtoto atafuata. Abebe kile anachoweza kukiinua mwenyewe kwa mkono mmoja na kutembea nacho. Kikizidi hapo, ujue mzigo ndio utakaoamua anakwenda wapi.

Sasa safari yenyewe. Makambako haiepukiki kwa barabara, lakini kushuka Makambako kunaepukika. Kutoka Njombe kuna mabasi yanayokwenda Iringa na Dar es Salaam, na yote hayo hupita Makambako kisha Mafinga. Mtoto akipandia Njombe basi la namna hiyo, Makambako ataipita akiwa kwenye kiti chake. Wataingia wauza mahindi, mayai na karanga, basi litasimama, watu watashuka kunyoosha miguu, yeye asishuke. Ale alichotoka nacho nyumbani. Avae sweta pia, baridi ya pale unaijua hata mvua ikiwa imekatika.

Na shemeji yako, kwa kuwa ndiye mwenye imani kubwa na mtoto, ndiye ampeleke hadi Njombe. Mwambie nimemwomba mimi. Asimfikishe mlangoni mwa stendi na kurudi. Aingie naye ofisini wakate tiketi ya kielektroniki yenye jina la mtoto, namba ya gari na namba ya kiti, aipige picha akutumie. Waombe kiti cha mbele karibu na dereva, na jirani awe mwanamke. Azungumze na konda, amwulize jina na namba ya simu, ampigie hapo hapo wakiwa wamesimama ili ahakikishe namba ni yake. Wazazi wengi tunasema "konda, nakuomba umwangalie huyu" tukadhani tumemaliza. Konda ana abiria hamsini na vifurushi vya watu, atasahau kwa nia njema kabisa. Jirani wa kiti hasahau, kwa hiyo na huyo aombwe, na namba yake ichukuliwe.

Mashirika mengi ya ndege hupokea mtoto wa miaka 5 hadi 11 anayesafiri bila mzazi, na siri yao ni ndogo: mtoto hatoki mkononi mwa mtu mmoja mpaka mkono wa pili umeshamshika, na kila anayempokea anatia saini. Hakuna dakika ambayo hana mwenyewe. Basi letu halina huduma hiyo, lakini utaratibu huo hauhitaji ndege. Shemeji Njombe, jirani na konda njiani, na Mafinga awepo mtu anayemsubiri kabla basi halijafika. Huyo wa Mafinga ndiye ninayemtaka umtafute leo, usingoje kesho. Piga simu shuleni, omba kuzungumza na matroni au mwalimu wa malezi, uliza nani hupokea wanafunzi stendi siku ya kufungua. Shule nyingi za bweni zina mpango fulani siku hiyo, ila mzazi asiyeuliza haambiwi. Uliza pia ni wanafunzi gani wengine wanatoka Ludewa na Njombe. Ukimpata msichana wa kidato cha nne anayepita njia hiyo hiyo, nusu ya barua yako imejibiwa.

Suala la muda nalo lisikupite. Januari ni mvua, na njia ya kutoka kwenu kwenda Njombe unajua inavyoweza kula saa. Waondoke na gari la kwanza alfajiri, tena siku moja au mbili kabla ya siku ya kufungua, maana siku yenyewe stendi zinafurika. Kama mvua imewachelewesha wakafika Njombe baada ya saa saba mchana, walale Njombe kwa ndugu au kwa mtu wa kanisani kwenu, wapande kesho yake asubuhi. Mtoto asiingie Mafinga giza limeshatanda. Mweleze shemeji sharti hili mapema, asije akabishana nawe kwa simu akiwa stendi.

Shule nyingi hazitaki simu, kwa hiyo aende na karatasi, mbili: moja mfukoni, moja ndani ya soksi, yenye namba yako, ya shemeji na ya shule. Ajue kwa kichwa namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure, na 112 ya polisi. Nauli na akiba viwekwe mahali tofauti. Na kwa kuwa ni binti, pedi zake na nguo moja ya kubadili viwe kwenye mkoba wa mapajani, visiende kwenye buti la gari. Mwambie wazi kwamba akihitaji kujisaidia anaruhusiwa kusema kwa sauti, na kwamba basi linaposimama porini watu wakachimbe dawa, ashuke na jirani yake wa kike, waende na kurudi pamoja. Watoto wengi wa umri wake huumia saa nzima kwa aibu tu. Wewe mama ndiye wa kumwondolea aibu hiyo kabla hajaondoka.

Usiniulize sheria inasema umri gani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18 na inatutaka wazazi tumlinde. Umri wa kupanda basi peke yake haikuuandika. Tutalazimika kuupima wenyewe, na swali hili litazidi kutujia. Mtaala mpya ulioanza 2024 umefanya elimu ya msingi kuwa miaka sita, hivyo watakaoingia kidato cha kwanza mbeleni watakuwa wadogo kuliko binti yako.

Mpime wako kuanzia wiki hii. Aende na baba yake mdogo, huyo shemeji yako, Njombe siku ya kawaida, na safari hiyo baba mdogo asiseme neno. Binti aulize gari, alipe nauli, ahesabu chenji, alinganishe namba ya gari na ya tiketi, amkatalie mpiga debe. Jioni usimuulize shemeji kama ameweza. Muulize binti ni wapi alichanganyikiwa. Akikuambia alichanganyikiwa mahali fulani, ana akili ya safari. Akisema hakuna hata mahali pamoja, mpeleke tena.

Na kama hadi wiki ya kufungua hujampata wa kumpokea Mafinga, au shemeji amepata udhuru, piga simu shuleni useme binti atachelewa siku tatu au nne, utoe sababu yenyewe. Walimu wameshazisikia nyingi. Atakosa vipindi vichache vya hesabu, ataazima daftari la mwenzake, ataandika usiku. Mpeleke siku ambayo mikono yote mitatu ipo.