Kamera Kongwe na Lenzi Bora: Somo la Mwanga katika Bonde la Kilombero

Utangulizi

Kamera ya dijitali iliyouzwa kwa bei kubwa mwaka 2004 leo hupatikana kwa bei ndogo, na mara nyingi hulala kabatini bila kazi. Wengi huidharau kwa kuwa ina megapikseli 6 tu, ilhali simu za mkononi hutangazwa kuwa na megapikseli 48 au zaidi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dharau hiyo haina msingi katika fizikia, na kwamba kamera kongwe iliyofungwa lenzi iliyochaguliwa kwa makini yaweza kuipa shule furaha na elimu nyingi. Jambo hili si dogo. Shule yenye fedha kidogo hununua chombo mara moja tu kwa miaka mingi. Ikichagua kwa kufuata tangazo badala ya hesabu, itabaki na chombo kisichotimiza haja yake.

Mifano yote imetolewa katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Bonde hili limelala kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Maji yake ni zaidi ya nusu ya maji yote ya Mto Rufiji. Mwaka 2002 uwanda wake wa mafuriko uliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Humo huishi sheshe, swala apendaye nyasi za kando ya maji, na mnana wa Kilombero, ndege aliyetambuliwa rasmi na wanasayansi mwaka 1990. Mwanafunzi wa Ifakara hana haja ya kusafiri mbali ili apate kitu cha kupiga picha.

Kamera hufanyaje kazi?

Kila kamera ina sehemu kuu nne: lenzi inayokusanya mwanga, tundu linalopunguza au kuongeza mwanga huo, shata inayofunguka kwa muda uliopimwa, na uso unaopokea taswira. Zamani uso huo ulikuwa filamu. Katika kamera ya dijitali uso huo ni kihisi, yaani bamba la silikoni lililogawanywa katika vijisehemu vingi viitwavyo pikseli. Mwanga unapogonga pikseli huzalisha chaji ya umeme, na chaji hiyo hupimwa na kuandikwa kama namba.

Willard Boyle na George Smith walivumbua kihisi cha aina ya CCD mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, na kwa kazi hiyo walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Mwaka 1975 Steven Sasson wa kampuni ya Kodak aliunda kamera ya kwanza ya dijitali ya kubebeka. Taswira yake ilikuwa na pikseli 10,000 tu, na iliandikwa katika mkanda wa kaseti kwa sekunde 23.

Mfano utakaotumiwa hapa ni Nikon D70 ya mwaka 2004. Kihisi chake kina upana wa milimita 23.7 na kimo cha milimita 15.6, nacho hutoa picha ya pikseli 3,008 kwa 2,000. Tukigawanya 23.7 kwa 3,008 tunapata kwamba kila pikseli ina upana wa milimita 0.0079, yaani mikromita 7.9. Katika simu nyingi pikseli huwa na upana wa takriban mikromita 1. Kwa eneo, pikseli moja ya kamera hii kongwe ni kubwa mara 60 hivi, kwa hiyo hupokea mwanga mwingi zaidi wakati tundu na muda vikiwa sawa.

Je, pikseli milioni 6 zatosha? Picha nzuri ya kuchapishwa huhitaji takriban pikseli 120 kwa kila sentimita. Kwa hiyo picha ya pikseli 3,008 kwa 2,000 yaweza kuchapishwa kwa ukubwa wa sentimita 25 kwa 16.7 bila kupoteza ubora. Ukubwa huo unatosha kwa ukuta wa darasa, jarida la shule au ripoti ya mradi.

Hesabu ya sheshe

Tuseme sheshe mwenye kimo cha mita 0.8 begani amesimama umbali wa mita 40. Kwa vitu vilivyo mbali, ukubwa wa taswira juu ya kihisi hupatikana kwa kanuni hii:

kimo cha taswira = kimo cha kitu × urefu wa fokasi ÷ umbali

Kwa lenzi ya milimita 50, kimo cha taswira ni 0.8 × 50 ÷ 40, yaani milimita 1. Katika kamera ya mfano hizo ni pikseli 127. Kwa lenzi ya milimita 200, kimo ni milimita 4, sawa na pikseli 500 na kidogo. Sasa ichukuliwe simu yenye lenzi moja ya urefu wa fokasi wa milimita 5 na pikseli za mikromita 1. Kimo cha taswira ni milimita 0.1, yaani pikseli 100.

Hesabu hii ina mafunzo mawili. Kwanza, kamera kongwe yenye lenzi fupi haiishindi simu kwa mbali. Mwenye kununua kamera bila kufikiria lenzi amenunua nusu ya chombo. Pili, lenzi ya milimita 200 humwonyesha sheshe yule yule kwa kimo cha pikseli mara tano ya simu. Pembe zake, masikio yake na rangi ya manyoya yake huonekana wazi. Tofauti hiyo imeletwa na lenzi. Megapikseli 6 za kamera hazikuongezeka hata moja.

Lenzi ndefu ina sharti lake. Hukuza mtikisiko wa mkono kama inavyomkuza mnyama. Wapiga picha hufuata kanuni ya zamani kwamba muda wa shata usizidi sekunde moja iliyogawanywa kwa urefu wa fokasi. Kwa kihisi kidogo kama hiki, urefu huo kwanza huzidishwa kwa 1.5. Lenzi ya milimita 200 yahitaji basi muda wa 1/300 ya sekunde au mfupi zaidi, ama kamera iwekwe juu ya stendi ya miguu mitatu au mfuko uliojazwa mchanga.

Tundu la lenzi na giza la msitu

Namba ya tundu ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kwa kuwa mwanga hutegemea eneo la tundu, hubadilika kwa kipeo cha pili cha namba hiyo. Ndani ya msitu wa Udzungwa, ambako matawi hufunika anga, lenzi ya kawaida iliyofunguliwa hadi f/5.6 yaweza kudai muda wa 1/10 ya sekunde, na mbega mwekundu hatulii kiasi hicho. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga mara 9.7 zaidi, na muda hushuka hadi karibu 1/100. Lenzi hiyo ni nyepesi, haina sehemu nyingi za kuharibika, na kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa.

Kufunga tundu mno nako kuna hasara. Mwanga upitao katika tundu dogo hutawanyika kidogo kandoni, na nukta huwa duara. Kipenyo cha duara hilo ni takriban 2.44 × urefu wa wimbi × namba ya tundu. Kwa mwanga wa kijani wa mikromita 0.55, duara lina mikromita 10.7 kwa f/8, lakini hufikia mikromita 29.5 kwa f/22, yaani karibu upana wa pikseli nne. Kwa hiyo mandhari ya mashamba ya mpunga hupigwa vema kati ya f/8 na f/11.

Ulimwengu wa vitu vidogo

Ifakara imejulikana kwa utafiti wa magonjwa tangu mwaka 1957, Rudolf Geigy alipoanzisha hapo maabara ya nyanjani ya taasisi ya Uswisi. Kazi hiyo leo huendelezwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Mwanafunzi naye aweza kuanza na mbu aliyetua ukutani. Bomba tupu la milimita 25 likitiwa kati ya kamera na lenzi ya milimita 50, taswira ya kitu cha karibu hufikia angalau nusu ya ukubwa wa kitu chenyewe. Mbu wa milimita 5 huchukua milimita 2.5 za kihisi, zaidi ya pikseli 300. Hapo mtu aweza kuona kwamba mbu wa jamii ya Anopheles hutua akiwa ameinua sehemu ya nyuma, ilhali wa jamii ya Culex mwili wake hulala sambamba na ukuta.

Kasoro za kukubaliwa

Sifa za kamera kongwe zisifiche upungufu wake. Kihisi chake hakivumilii tofauti kubwa ya mwanga na kivuli: yangeyange mweupe kwenye jua kali hugeuka doa jeupe lisilo na manyoya. Tiba ni kupunguza mwanga kidogo na kuhifadhi picha katika faili ghafi, ambalo lina ngazi 4,096 za mwanga kwa kila pikseli badala ya 256. Pia wepesi wa ISO ukifikishwa 1600, picha hujaa chembechembe.

Jua lenyewe lahitaji kusomwa. Ifakara ipo takriban nyuzi 8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri huwa karibu utosini. Vivuli huanguka chini ya macho na kidevu, na nyuso huonekana kama zina mashimo. Saa mbili za kwanza baada ya mapambazuko, na mbili za mwisho kabla ya machweo, ndizo bora.

Mnunuzi achunguze mambo matatu. Kwanza betri, kwani betri za lithiamu huchoka kwa umri hata zisipotumiwa. Pili kadi ya kumbukumbu: D70 hutumia kadi ya CompactFlash, na D50 haipokei kadi ya SD iliyozidi gigabaiti 2. Tatu mwafaka wa kamera na lenzi. D70 ina mota ya kulenga ndani yake; D40 haina, hivyo lenzi za zamani zisizo na mota hulengwa kwa mkono. Katika kamera za Canon EOS, lenzi zote za EF tangu mwaka 1987 hufanya kazi.

Adui mkubwa: kuvu

Katika bonde lenye masika marefu, lenzi huharibiwa na unyevu kuliko matumizi. Kuvu huota kati ya vioo kama nyuzi za buibui, na likiachwa hula uso wa kioo. Kabla ya kununua, lenzi imulikwe kwa tochi kutoka nyuma na kutazamwa kutoka mbele. Nyumbani ihifadhiwe katika kopo lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli, ambayo hukaushwa upya kwa joto la nyuzi 120 hivi za Selsiasi. Kutumia mchele hakufai, hata Ifakara ambako mchele ni mwingi, kwa kuwa vumbi lake huingia katika shata. Lenzi inayotumiwa mara kwa mara na kupata hewa na mwanga hudumu zaidi ya ile inayofichwa mkobani.

Picha kama ushahidi

Mwaka 2005 kamera za mtego, zinazojifyatua mnyama apitapo, zilimnasa sange mkubwa mwenye uso wa kijivu katika msitu wa Ndundulu, milimani Udzungwa. Francesco Rovero na wenzake waliona kwamba rangi zake hazilingani na za sange yeyote aliyejulikana. Mwaka 2006 walikwenda kumtafuta, na mwaka 2008 akatangazwa kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis, mwenye uzito wa takriban gramu 700. Picha ilizusha swali; wanyama wenyewe walipopimwa ndipo jibu likapatikana. Vivyo hivyo, picha ya mbu haiwezi kutofautisha Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis. Kwa hilo maabara huhitajika.

Kuna ushahidi ambao shule yaweza kuukusanya bila msaada wa mtaalamu. Sheshe wamepungua sana bondeni, na mashamba na malisho yameingia katika ardhi oevu. Darasa lichague mahali pamoja penye kuonyesha uwanda, lipige picha moja kila mwezi kwa lenzi ile ile, kimo kile kile na saa ile ile, na kuandika tarehe. Baada ya mwaka, kupanda na kushuka kwa maji kutaonekana. Baada ya miaka kumi, shule itakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna kamera mpya itakayoweza kuipiga kwa kurudi nyuma. Mvuvi au mkulima atakayeonekana katika picha aombwe ruhusa kwanza, na kwa madaraja, reli na majengo ya serikali kitafutwe kibali.

Mazoezi

1. Kiboko mwenye mwili wa urefu wa mita 3.5 yupo umbali wa mita 100, ubavu wake ukielekea kamera. Taswira yake itakuwa na urefu gani kwa lenzi ya milimita 300, na itachukua pikseli ngapi za kamera ya mfano?

2. Picha hupata mwanga wa kutosha kwa f/8 na 1/60 ya sekunde. Tundu likifunguliwa hadi f/4, muda uwe kiasi gani?

3. Eleza kwa nini megapikseli peke yake hazitoshi kupima ubora wa kamera.

Majibu: (1) milimita 10.5, pikseli 1,330 hivi. (2) 1/240 ya sekunde. (3) Swali hili lijadiliwe darasani, kila kundi likitetea jibu lake kwa hesabu.