Koti la Bakteria na Askari wa Mwili

Mwezi huu tujifunze kwa nini bakteria wengine ni wagumu kuuawa, na sisi tunachangiaje ugumu huo.

1. Koti la nje

Mwaka 1884 daktari kutoka Denmaki, Hans Christian Gram, aliwapaka bakteria rangi akaona makundi mawili. Kundi moja hubaki na rangi ya zambarau. La pili hupoteza rangi hiyo linaposafishwa. Wanaoleta homa ya matumbo na kipindupindu wamo katika kundi hilo la pili. Hao wana utando wa ziada, kama koti la mvua, na dawa nyingi hazipenyi.

2. Askari wa mwili

Mwenyezi Mungu ametuwekea askari katika ngozi, utumbo na maziwa ya mama. Ni vipande vidogo vya protini viitwavyo peptidi. Vina chaji chanya, na koti la bakteria lina chaji hasi. Basi huvutana, peptidi hunasa, koti hutoboka na bakteria hufa.

Katika maziwa ya mama, protini iitwayo laktoferini hulegeza koti hilo. Kisha lisozimu, iliyogunduliwa na Alexander Fleming, hupita na kuukata ukuta wa ndani. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, yana laktoferini kwa wingi.

3. Bakteria hubadili koti

Kolistini ni dawa ya hospitali inayotumika nyingine zinaposhindwa. Nayo hunasa koti kwa chaji. Mwaka 2015 wataalamu nchini China walitangaza kuona jeni iitwayo mcr-1 katika nguruwe, nyama na wagonjwa. Jeni hiyo hupunguza chaji hasi ya koti, dawa ikakosa pa kushika. Tena bakteria mmoja humpa mwenzake. Huko kolistini ilikuwa ikichanganywa katika chakula cha mifugo ili wanenepe. China ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 2017.

4. Tufanye nini?

(a) Mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Dang'a isimwagwe. Apewe maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Mama mwenye virusi vya UKIMWI afuate maelekezo ya kliniki.

(b) Usinunue antibiotiki bila kupimwa. Mafua huletwa na virusi, antibiotiki haiyatibu.

(c) Meza dawa kama ulivyoelekezwa. Usigawane na jirani.

(d) Mfugaji, usiwape kuku au nguruwe antibiotiki ili wakue haraka. Mwite daktari wa mifugo.

(e) Nawa mikono kwa sabuni, chemsha maji ya kunywa.

Tukiichezea dawa leo, kesho mtoto mchanga atalazwa na dawa isimsaidie. Kutunza uhai ni wajibu wa kila Mkristo.

Swali kwa Jumuiya: Katika nyumba zetu, kwa nini tunanunua dawa kabla ya kupimwa? Tusaidianeje kuacha?