Probox yangu na oili ya 20W-50

Julai iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa nimepakia sukuma wiki ya kupeleka soko la Madaraka, Thika. Nikawasha Probox, ikalia ka-ka-ka-ka kama cherehani iliyokauka. Nilihesabu sekunde nane ndipo ikanyamaza. Haikuwahi kulia hivyo.

Siku tatu kabla, fundi mmoja wa hapa Gatuanyaga alinibadilishia oili. "Bosi, injini imezeeka, na huku kwetu ni joto. Weka nzito." Akamimina 20W-50, nami nikanyamaza. Bado inaniuma.

Joto la Thika halihusiki. Injini ikishapata moto, oili hukaribia nyuzi 100, uwe Gatuanyaga au Tokyo, na namba ya mwisho hupimwa kwenye nyuzi hizo. Namba ya kabla ya W ni ya baridi: ikiwa ndogo, oili hupanda haraka unapowasha. Injini yangu, 1NZ, inataka 5W-30, na VVT-i yake, mfumo wa kupanga muda wa vali, husukumwa na oili hiyohiyo kupitia vijitundu vyembamba. Kitabu cha gari ni cha Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka.

Nikamwaga yote, nikatia 5W-30, lita 3.7 na filta mpya. Kesho yake alfajiri, kimya! Nilisimama uani nikiisikiliza kwa raha.

Kuchagua kwenyewe ni kufuata kitabu, basi. Kigumu ni kujua kama injini imechakaa kweli. Mimi huegesha palepale kila Jumapili, kwenye saruji mbele ya zizi. Kabla ya kuwasha navuta kijiti cha oili, nakipangusa, nakirudisha, nakivuta tena, kisha nakipiga picha kwa simu na kuandika kilomita. Baada ya kilomita 1,000 nalinganisha picha. Yangu ilishuka upana wa ukucha tu, kwa hiyo uzee ule ulikuwa mdomoni mwa fundi. Yako ikishuka toka alama ya juu hadi ya chini, na chini hakuna tone lililovuja, panda ngazi moja: 5W-40 au 10W-40. Usirukie 50.

Na oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa siigusi, hata wakinipunguzia nusu. Nanunua ya Toyota wenyewe au Shell Helix, kituoni, kifuniko hakijafunguliwa.

Juzi fundi alipita, nikamwashia gari. Akainama kwenye boneti, akasikiliza.

"Bosi, umeweka gani hii?"