Alichezwa unyago, bado akapata mimba

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi katika kijiji kimoja wilayani Newala, mkoa wa Mtwara. Binti yangu wa kwanza ana miaka 16, yuko kidato cha pili. Shule ya kata iko mbali na kwetu, kwa hiyo tulimpangia chumba na wenzake wawili karibu na shule. Wanajipikia wenyewe, mwisho wa wiki anarudi nyumbani. Mwezi uliopita nilimwona hali vizuri na sare imembana. Nikampeleka zahanati, akapimwa: mimba ya miezi minne. Amemtaja kijana wa bodaboda wa miaka kama 24, ndiye aliyekuwa akimpa lifti Ijumaa na Jumapili.

Mume wangu amenigeuzia kibao, anasema mimi ndiye sikumfundisha mtoto. Dada, mtoto huyu alichezwa akiwa na miaka 10. Tulipika, tukaita ngoma, somo wake akamweka ndani. Nilijua amefundwa. Nilipomuuliza kwa nini hakujikinga, akanijibu kwamba kijana alimhakikishia wakikutana wamesimama mimba haiingii.

Kaka yangu, mjomba wa mtoto, ameshaongea na wazee wa kijana. Watatoa laki tano, nusu sasa, nusu wakiuza korosho, na akishajifungua waoane. Kikao ni mwisho wa mwezi. Mwalimu mkuu hajaambiwa. Nina binti mwingine wa miaka 11, bibi yake anataka achezwe likizo ya Juni, na wa kiume wa miaka 14 aliyetoka jando zamani. Nataka kuzungumza na huyu mdogo mapema, lakini baba yake, ambaye anasomesha madrasa jioni, anasema nitamfungua macho. Nifanyeje?

Mama wa Watatu, Newala

* * *

Umenipa mambo kadhaa kwa mpigo, na mojawapo lina tarehe, kwa hiyo tuanze na kikao.

Usiende pale kama mtu anayepokea posa. Binti yako ana miaka 16 na hajaolewa. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mtu mzima aliyelala na msichana kama huyo amebaka, hata msichana akisema alimpenda na alikubali. Sheria ya Elimu nayo ilirekebishwa 2016: anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, au anayemwoa, kifungo chake ni miaka 30, na wanaosaidia ndoa ya mwanafunzi wanashitakiwa pia. Kaka yako basi, kwa laki tano zake na harusi yake ya baadaye, anajitafutia kesi, na wewe mtakuwa mmekaa jamvi moja. Atatokea mzee wa kusema kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa wazazi wakiridhia. Ni kweli iliandikwa hivyo. Lakini vifungu hivyo Rebeca Gyumi alivipeleka Mahakama Kuu akashinda mwaka 2016, Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasimama upande wake.

Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Ukiona miguu inakuwa mizito, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, haina malipo, wao watakuelekeza. Kijana akikana, ipo maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya kupima vinasaba mtoto akishazaliwa. Matunzo ya huyo mtoto ni haki yake kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Hayategemei ndoa, wala hayafuti kesi.

Sitakuficha kwamba utachukiwa. Mama wa kijana mnachota maji kisima kimoja, na yapo maneno utakayosemwa msibani na arusini. Ndiyo maana kesi nyingi za namna hii huishia barazani, na kijana huyohuyo msimu unaofuata anampa lifti mtoto wa mwenzako. Ukikubali pesa hizo za korosho, utakuwa umemsaidia kujua bei.

Sasa mtoto mwenyewe. Barua nzima umeniandikia habari za mume, mjomba na kikao, hujaniambia binti analala vipi, anakula nini. Bado hajachelewa mno kuanza kliniki, lakini asikose tena. Atapimwa damu, VVU na shinikizo, atapewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kuzuia malaria. Umri wake unamweka kwenye hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba kuliko mwanamke aliyekomaa, kwa hiyo akilalamika kichwa kinamuuma sana, macho yanaona ukungu, au uso na mikono imevimba, usisubiri kesho. Na kujifungua kusifanyike nyumbani, hata kama bibi amezalisha kijiji kizima. Nyonga ya msichana wa umri huu inaweza kuwa haijapanuka vya kutosha, uchungu ukakaa siku mbili, mtoto akafa na mama akabaki na fistula, mkojo unavuja. Panga mapema afike hospitali yenye chumba cha upasuaji. Akishajifungua, kabla hajaruhusiwa kutoka, mwambie nesi mzungumze uzazi wa mpango. Anayenyonyesha naye anashika mimba.

Mwonye pia, bila kumtisha, juu ya wenzake watakaomletea mitishamba, au vidonge vya kumeza kwa siri. Huko ndiko wasichana wanakovuja damu mpaka kufa, huku mama yuko chumba cha pili hajui.

Shule: mwambie mwalimu mkuu wewe mwenyewe, kabla hajasikia sokoni. Anatakiwa kutoa taarifa za mimba za wanafunzi, huwezi kumzuia, ila unaweza kuzungumza naye kuhusu kurudi. Zamani mlango ulifungwa moja kwa moja. Kanuni za 2002 zilitumiwa kuwafukuza shule, na mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba aliyezaa hatarudi. Hilo limepita. Novemba 2021 Serikali ilitoa waraka unaoruhusu wasichana waliojifungua kurejea katika mfumo rasmi. Asipoweza kukaa darasani na wadogo zake, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inaendesha masomo ya sekondari kwa njia mbadala. Swali gumu ni moja, nani atabaki na mtoto akiwa shule. Lijibuni sasa hivi ninyi wazazi, kwa maandishi ikibidi, maana najua wengi ambao waraka uliwaruhusu na kichanga kikawazuia.

Nije kwa lile lililokuuma hadi ukashika kalamu, kwamba hukumfundisha. Ulimpeleka kwa mafundi, na ukalipa. Mimi si katika wale wanaoitukana unyago kutoka mjini. Mtoto wako anajua kujisitiri akiwa na hedhi, anajua kumwamkia mkubwa, na pengine ndani ndiko alikopata mtu wa kumkimbilia asiye mama yake. Lakini hebu tazama unyago ule ulitengenezwa kwa maisha gani. Mwali wa zama za bibi yako aliwekwa ndani baada ya kuvunja ungo. Alipotoka, mume alikuwa njiani. Somo hakuwa na sababu ya kumfundisha kukwepa mimba, kwani mimba ndiyo iliyokuwa ikingojwa. Alimfundisha kukaa na mume, na alimfundisha vizuri.

Binti yako aliwekwa ndani akiwa darasa la nne au la tano, ungo haujavunjika. Akatoka akapambwa, akaambiwa mbele ya watu kwamba sasa ni mkubwa. Halafu akarudi kukaa dawati lilelile, na mbele yake ipo miaka 10 ya masomo kabla ya kufikiria mume. Kwa miaka hiyo 10 hakuna wimbo hata mmoja. Alifundishwa kwa mafumbo ambayo mtoto wa umri ule huyakariri bila kuyafumbua, na waliosikia tangazo la ukubwa wake ni pamoja na vijana wa pikipiki.

Shule nayo ilifikiri nyumbani kumefanyika. Katika muhtasari wa Baiolojia uliotumika kwa miaka mingi, mada ya uzazi ilikaa kidato cha tatu, tena kwa Kiingereza. Binti yako ni wa kidato cha pili. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumweleza kwa Kiswahili cha wazi jinsi mimba inavyoingia alikuwa kijana wa bodaboda, na unajua alichomweleza. Wala hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kupata ujauzito. Ule wa 2022 ukakuta 22. Imeshuka, lakini ni zaidi ya mmoja kwa kila watano. Sheria ile ya 1998 ilikuwapo muda wote huo. Sheria huja tumbo limekwisha kuonekana, na elimu ndiyo inayoweza kutangulia.

Basi huyu wa miaka 11. Usimwite sebuleni ukamkalisha kama mshitakiwa. Mkiwa shamba mnaokota korosho, macho yako chini na mikono ina kazi, mwambie. Mwambie hedhi inakuja na itakuwaje, ili asifikiri ameumia. Mwambie kwamba yai hupevuka siku kama 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo msichana anaweza kushika mimba hata kabla hajaiona hedhi ya kwanza. Mimba inaingia mara ya kwanza, inaingia wakiwa wamesimama, inaingia hata akioga au akikojoa baada ya tendo. Mbegu za mwanamume zinaweza kukaa hai ndani siku tano. Kuhesabu siku hakumsaidii, maana miaka ya mwanzo hedhi ya msichana haina mpangilio. Kondomu inazuia mimba na magonjwa, ikivaliwa tangu mwanzo. Taja viungo kwa majina yake, usiseme “huko chini”, kwa sababu siku akiguswa na mtu lazima aweze kusema ameguswa wapi.

Na umwambie habari za lifti. Hapa wengi hunyamaza, wakati ndipo penyewe. Msichana anayetembea saa nzima juani, akapandishwa pikipiki bure mara ya kwanza, ya pili, ya tano, anaona ana deni, na hakuna aliyemfundisha kwamba hadaiwi. Mwambie: ukipewa kitu na mtu mzima, soda, vocha, chipsi, lifti, uje uniambie, sitakupiga. Halafu kweli usimpige. Laki tano zile mngezitafuta wenyewe mapema zingepata baiskeli. Au nenda na wazazi wenzako kwenye bodi ya shule mkaulize habari za hosteli, badala ya watoto wa miaka 14 kupanga chumba na kujifungia wenyewe usiku.

Bibi anataka ngoma ya Juni? Mwombe ingoje hadi mtoto avunje ungo. Akikataa, kaa na somo kabla, umwombe aongeze mambo haya niliyoyataja, na asimwambie mtoto amekuwa mwanamke. Masomo wengi ni wanawake wenye akili waliokwisha kuzika wajukuu. Hawahitaji semina ili waelewe.

Mumeo anaogopa kufungua macho. Muulize kwa upole, yeye ni mwalimu: katika madrasa yake, fiqhi ya twahara anaianzaje? Hedhi, nifasi, janaba, manii, vyote vimo kitabuni, watoto wanavisoma kwa sauti na hakuna mzazi aliyewahi kulalamika. Dini yake haikuona haya kuvitaja. Kama atataka neno la wataalamu, UNESCO imekusanya tafiti za nchi nyingi, na hazikuonyesha kwamba elimu ya uzazi inawafanya watoto waanze ngono mapema. Baadhi yao huchelewa zaidi. Usibishane naye mbele ya watoto. Na usimngoje akubali ndipo uanze.

Mwisho ni huyu wa kiume, ambaye umemtaja kwa nusu mstari. Ana miaka 14. Jando lilimwambia amekuwa mwanamume kama unyago ulivyomwambia dada yake, na miaka michache ijayo atakuwa na pikipiki ya mtu, anatafuta hesabu ya siku, na wanafunzi wanapita njiani. Aambiwe sasa kwamba mwanafunzi haguswi, kwamba msichana akisema hapana amesema hapana, kwamba mimba ni ya watu wawili na jela ni ya mmoja. Wewe unaweza kumwambia, lakini ataona aibu kukuuliza. Kazi hiyo kwa desturi za kwenu ina mwenyewe, naye ni kaka yako. Ukishamaliza kumwambia kwamba kikao chake hakipo, mpe kazi hii.